Baba, Ugonjwa Wako Ulikuwa na Jina

Baba,

Nakuandikia nikiwa kwa dada yako, nimekaa kwenye kigoda chake cha jikoni, na mlango tumeufunga kwa ndani ingawa jua limeshapanda. Shangazi Subilaga anamenya viazi. Mama amesimama dirishani. Tangu tumalize chai anaangalia njia tu, na kila anayepita bila kutusalimu Mama anamtaja jina, taratibu, kama mwalimu wa zamu anayeita mahudhurio. Mpaka sasa ametaja watatu. Wote watatu uliwafundisha kusoma.

Sijui kama huko uliko habari zinafika. Kama hazifiki, nisikilize nikueleze, maana nimefanya jambo ulilonikataza, na kesho nitalifanya tena mbele ya watu wengi zaidi.

Unaikumbuka ile siku ya hospitali mjini Mbeya. Nilitoka Mafinga kwa basi la kwanza, nikakukuta umeshafika, umevaa koti lako la kanisani kana kwamba umeitwa na askofu. Daktari alikuwa kijana. Alikuita Mwalimu kabla hujajitambulisha, sijui alijuaje, labda ni ule mkao wako. Alifunga mlango, akasema ni saratani ya tezi dume, na kwamba imeshafika kwenye mifupa. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuweka mikono yangu, wewe ukamwuliza, "Ni miezi au ni miaka?" Akasema ni miezi. Ukamshukuru. Ukasimama, ukamshika mkono kwa mikono yako miwili kama mzazi aliyeletewa ripoti nzuri ya mtoto.

Nje, kwenye benchi, ndipo uliponigeukia. "Atu, hili tumelisikia watu wawili. Libaki la watu wawili."

Nikakuuliza, na Mama je? Ukasema, "Mama yako atalia kila siku mpaka nife. Mimi nataka acheke." Na Gwakisa? "Mdogo wako atauza mpaka bati za nyumba anipeleke India." Na shangazi? Hapo uliangalia viatu vyako. Ukasema kwamba hutaki watu wa kanisani wajue ugonjwa umekaa sehemu gani ya mwili wako. Umesimama mbele ya watu maisha yako yote, na chaki au na Biblia, na ulitaka wakutazame usoni mpaka mwisho. Nilikuelewa, Baba. Hata leo nakuelewa. Nikakuahidi.

Tukapita Mwanjelwa. Ukaingia dukani kwa yule mzee wa Kihindi anayeuza saa na miwani, ukamnunulia shangazi miwani ya kusomea, kwa sababu yake ilikuwa imevunjika mkono na ameifunga kwa uzi mweusi. Ulijaribu miwani mitatu au minne, na maandishi uliyoyatumia kujaribia yalikuwa ya kwenye boksi la dawa zako za maumivu. Ulisoma kwa sauti. Mzee akacheka, akakwambia una macho ya kijana. Nawe ukacheka naye.

Mimi nilirudi Mafinga na siri yako. Ilikuwa nzito, lakini niliona ni heshima kuibeba. Sikujua kwamba siri inaweza kumtafuta mtu mwingine wa kumkalia.

Sikumwambia hata mume wangu. Nilimwambia tu achague mbao nzuri, ndefu, zisizo na vifundo, azitenge nyuma ya karakana zikauke taratibu. Hakuuliza ni za nini. Fundi wa mbao anajua urefu wa kabati na anajua urefu wa kitu kingine. Nilizipiga msasa mwenyewe, jioni baada ya wateja kuondoka, na kila nilipotoka kuzungumza na wewe kwa simu nilizipiga tena. Ulikuwa ukiniuliza, "Mafinga kuna baridi?" Nakujibu kuna baridi.

Huku nyumbani ulikuwa ukikonda na watu wanakuona. Wewe, mzee wa kanisa uliyekuwa ukipanda mlima huu na begi la vitabu, sasa unapumzika mara tatu kati ya mlango wa nyumba yako na mlango wa kanisa. Chakula kikawa kinakushinda. Kitu pekee kilichokaa tumboni kilikuwa uji wa ulezi wa shangazi. Kila asubuhi, baada ya sala, alitoka hapa, akavuka njia na bakuli lililofunikwa kwa sahani, akaingia kwako. Kijiji kizima kilimwona. Kila asubuhi, Baba. Bakuli limefunikwa, na wewe unazidi kwisha.

Sisi wenyewe tulijua bakuli lile lilikuwa na nini. Lilikuwa na deni la upendo la miaka yote tangu alipokuwa akikubeba mgongoni kwenda kuteka maji. Babu alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, na shangazi ndiye aliyeshika jembe ili wewe ushike kalamu. Uliporudi kutoka kufundisha kule milima ya Iringa ukamkuta mjane, amezika na watoto wake wote wawili, ulimjengea vyumba hivi kwa mikono yako, ukamketisha kama mtoto wa darasa la kwanza, a, e, i, o, u, mpaka akaisoma Injili ya Luka peke yake. Siku ile alilia akakwambia, "Ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu." Na wewe ukamsahihisha alipokuwa ameruka mstari. Ndivyo ulivyokuwa.

Ulipofariki ilikuwa Alhamisi, mchana. Mama alinipigia simu, nikamwambia mume wangu. Alikwenda nyuma ya karakana. Jua lilikuwa halijazama siku ya pili yake wakati sisi tunaingia hapa na jeneza, limepigwa vanishi, limekauka, na vipimo vyake ni vyako kamili.

Nilidhani nakupa heshima. Wakati tunaliteremsha kwenye gari nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Vanishi haikauki kwa siku moja. Kuna mtu alijua." Mwenzake akajibu, "Wanajua wenyewe."

Nilisikia, nikapita. Msiba una maneno mengi, nikasema moyoni. Lakini neno lile halikuondoka na waombolezaji. Lilibaki hapa likapanda kidogo kidogo kama maji ya mto wakati mvua imenyesha mahali usipopaona. Kwanza watoto wa jirani waliacha kuja kuchuma mapera kwa shangazi. Halafu akina mama wa kwaya wakawa wanamwachia benchi zima peke yake, si kwa ugomvi, wanajikuta tu wamekaa kwingine. Asubuhi moja akakuta kuku wake wawili wamelala mlangoni, hawana vichwa. Akaniambia kwenye simu kwamba ni kicheche. Baba, kicheche gani anapanga kuku sambamba?

Gwakisa ndiye aliyenitisha zaidi. Unamjua mwanao. Hawezi kukaa na swali lisilo na jibu. Wewe ulimlea ukimjibu kila kitu, na ukaondoka ukimwachia swali kubwa kuliko yote. Alikuwa bado anauza ndizi na parachichi zake mjini, lakini wateja wake walisema anasimama mbele ya gunia anasahau bei. Siku moja akapanda basi akaenda Igawa. Kuna mganga kule, nyuma ya vibanda vya barabarani, watu wanakwenda kwake hata kutoka mbali. Alipotoka akanipigia simu. Malori yalikuwa yanapita, nikawa nasikia nusunusu.

"Dada, Baba hakufa. Baba ameuawa."

Nikamwuliza nani kasema. Akasema mganga hakutaja jina, ila alimwambia ni mwanamke, ni damu moja na Baba, na nyumba yake inaonekana ukisimama mlangoni petu. Akauliza, "Sasa hapo kuna mwanamke mwingine?"

Baba, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu. Nilikuwa nimelishika mdomoni. Badala yake nikamwambia, "Gwakisa, wewe ni mtoto wa mzee wa kanisa, unaendaje kwa waganga?" Nikamgombeza. Nikatumia dini kufichia siri. Naye akakata simu.

Najua unachokifikiria, kwa sababu mimi pia nilikifikiria usiku na mchana. Nilikuwa mdogo, tuko kule Mufindi, ulipomleta nyumbani yule bibi ambaye watoto wa mumewe walitaka kumchoma. Alikaa jikoni kwetu wiki tatu. Walipokuja kumdai ulisimama uani na shati lako jeupe ukawaambia, "Marehemu alikuwa na kifua kikuu. Ugonjwa una jina. Ukishalijua jina lake, acha kutafuta mchawi." Waliondoka kwa sababu uliwapa jina. Na wa kwako ukatunyima.

Samahani. Sikutaka kuandika hivyo. Lakini naliacha neno libaki, kwa sababu ni kweli.

Wiki moja kabla ya arobaini yako nilikuja mapema. Nilimkuta shangazi anafagia uwanja kwa bidii kuliko kawaida. Matuta yake ya viazi, yale ya juu karibu na migomba, yalikuwa yameng'olewa yote, mbegu zimetawanywa zinakauka juani. Hakunionyesha. Niliyaona mwenyewe. Nilipoingia ndani alinipa karatasi iliyokuwa imechomekwa mlangoni. Aliisoma mwenyewe, Baba, na miwani uliyomnunulia. Ungemfundisha kusoma kama ungejua atakuja kusoma hilo?

*Subilaga ondoka hapa kabla ya mvua. Ulichomfanyia Mwalimu tunakijua.*

Ilikuwa imeandikwa vizuri. Herufi zimelala upande mmoja, nukta zimekaa mahali pake. Mwandiko wako. Nusu ya kijiji hiki inaandika mwandiko wako. Nilikuwa karibu kukata tamaa ya kumjua mwandishi, ndipo nikaangalia ile "g" ya kwenye jina la shangazi. Mkia wake haukurudi kwenye mstari. Ulining'inia chini kama ndoano. Ni mtoto mmoja tu aliyekushinda kumfundisha kufunga "g", na ulikuwa ukimpiga rula vidoleni mezani petu hapahapa, ukisema, "Hata jina lako linaanza nayo!"

Niliikunja karatasi nikaiweka kifuani. Sikumwambia shangazi. Sikumwambia Mama. Nikawa sasa na siri mbili, na ya pili ilikuwa na makali.

Siku ya arobaini mchungaji aliongoza ibada, watu wakala, wakaondoka. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa monita wako, alitushauri wana ukoo tubaki "tuweke mambo sawa". Tulikaa sebuleni, watu kama kumi na wawili. Shangazi hakuitwa. Nilipoona hakuitwa, niliuvuta mkoba wangu mapajani. Baba mdogo akafungua kikao kwa sala, halafu akasema kuna maneno mtaani na ni vizuri mama yule ahamishiwe mahali pengine, kwa usalama wake. Kila mtu akaitika kwa kichwa. Ilisemwa kwa upole sana. Hakuna aliyetaja neno uchawi. Walikuwa wanapanga kama watu wanaopanga kuhamisha kabati.

Nikasimama. Nilikuwa nimeleta karatasi ya hospitali kutoka Mafinga, nimeishona ndani ya bitana ya mkoba kama mwizi. Niliichana bitana mbele yao. Nikasema, "Baba alikuwa na saratani ya tezi dume. Ilikuwa kwenye mifupa. Aliambiwa ana miezi. Aliniapisha nisiseme. Mbao za jeneza nilizitenga mimi. Aliyejua ni mimi. Kama kuna mtu wa kuhamishwa hapa, nihamisheni mimi."

Hakuna aliyepokea karatasi. Nikaiweka mezani.

Nilidhani Mama ataanguka. Kwa hiyo nilimgeukia yeye kwanza nimwombe msamaha. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Akasema, "Mwanangu, mashuka yake nani alikuwa anayafua?"

Hatukumwelewa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nayafua. Damu nimeiona tangu Kwaresma. Nilikwenda zahanati nikamwuliza nesi damu ya namna ile kwa mwanaume ni nini, akaniambia. Lakini Mwalimu alitaka nicheke. Nikacheka."

Baba, alicheka miezi yote ile akijua. Mlikuwa mkidanganyana kitanda kimoja kwa ajili ya upendo, na mimi nawadanganya wote wawili kutoka Mafinga, na ng'ambo ya njia kuna mwanamke anakoroga uji, na kila kijiko kinahesabiwa juu ya kichwa chake. Mama akaendelea, sauti haikupanda wala kushuka. "Tulinyamaza watu watatu. Mmoja tumemzika. Wawili tuliobaki tumekaa hapa tunasikiliza wifi yangu akihukumiwa. Mungu atatuuliza."

Nilidhani imekwisha. Kweli nilidhani ukiweka ukweli mezani watu watauinamia wausome. Gwakisa alikuwa ameegemea mlango. Macho yake mekundu. Akasema polepole, "Sawa. Ni saratani. Lakini dada, hata saratani hutumwa."

Na nikaona wale wengine, mmoja baada ya mwingine, wakiitika kwa kichwa, kwa upole uleule.

Mama alinyanyuka, akaingia chumbani kwenu. Alitoka na blanketi, Biblia yako, na ile sufuria ndogo ya chai. Akavuka njia mchana kweupe, kila mtu akimwona, akagonga kwa shangazi. Akamwambia, "Wifi, nimehamia." Tangu siku hiyo hajalala nyumbani kwake. Wanasema kumfukuza mchawi ni rahisi, lakini ni nani atakayemgusa mjane wa Mwalimu? Hilo ndilo analoliwekea tumaini. Mimi nikamwambia mume wangu anisubiri, nikabaki nao.

Kesho yake nilimfuata Gwakisa kwenye migomba nikampa karatasi yake. Nilimwonyesha ile "g". Nilitegemea atakana, au atanipiga. Alikaa chini kwenye majani makavu akajifunika uso.

"Niliandika ili akimbie, dada. Mimi niliandika barua. Wenzangu walikuwa wanaulizana nani ana mafuta ya taa."

Nilimwuliza ni akina nani. Hakutaja. Nilimwuliza ni lini. Akasema walisema kabla ya mvua, ardhi ikiwa kavu na nyasi za mapaa ya mabanda zikiwa kavu. Nikamwuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa kuliko yote, kama yeye mwenyewe anaamini. Akasema, "Mchana siamini. Jioni nikiona ule moshi wa jiko lake naamini." Baba, mwanao anakutafuta kwenye moshi wa dada yako. Nilishindwa kumchukia.

Mwenyekiti tumemwambia, na polisi wa kata ameandika maelezo na kusema atapita. Mchungaji anakuja kila jioni tunasali naye, na akiondoka anageuka nyuma mara mbili. Shangazi tumembembeleza aende nami Mafinga. Hataki. Anasema, "Nikiondoka nitakuwa nimekubali. Na nani atapalilia kaburi la mdogo wangu?" Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Rungwe tangu jana, meusi, lakini hayajashuka. Ninayaangalia kama mtu anavyoangalia saa. Kila siku bila mvua ni siku yao.

Baba, naacha kalamu. Mama amesema, "Gwakisa." Na safari hii hakutaja taratibu.

Nimerudi. Kama mwandiko sasa ni mbaya unisamehe.

Alikuwa anapanda njia peke yake, jembe begani na panga mkononi. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama huko chini wakimtazama. Mama alifungua mlango akasimama kizingitini, hakumwita wala hakumzuia. Mimi nilishika ule mchi wa shangazi, sijui nilitaka kufanya nini nao. Gwakisa hakututazama. Alipita pembeni ya nyumba akapanda mpaka kwenye yale matuta yaliyong'olewa. Akalaza panga chini, akaanza kulima. Akainua tuta la kwanza, la pili. Alikuwa analima kwa hasira, udongo unaruka mpaka kwenye shati, na wale wa chini wanaona kila kitu. Nadhani ndiyo sababu alikuja saa hizi.

Alipofika tuta la nne shangazi alichota maji kwenye mtungi. Nikamwambia shangazi acha, nitampelekea mimi. Akanikatalia kwa kichwa. Akapanda polepole, ananyoosha mkono mmoja kushika migomba asiteleze, na kikombe mkono wa pili, hakukifunika. Akamnyooshea. Akasema, "Pole na kazi, mwanangu."

Gwakisa alikishika kile kikombe akakitazama. Alikitazama muda mrefu, Baba. Kule njiani hakuna aliyetikisika. Kisha akanywa. Akanywa nusu, akasimama, akakitazama tena, na ile nusu nyingine akaimwaga taratibu kwenye udongo, akamrudishia shangazi kikombe kwa mikono miwili.

Shangazi ameshuka anasema mtoto alikuwa na kiu. Mama amegeukia ukuta. Mimi sijui nihesabu ile nusu aliyoinywa au ile aliyoimwaga. Bado analima, namsikia kutoka hapa. Panga bado lipo pale alipolilaza.

Sasa nikuage, na nikwambie la kesho ili usije ukasikia kwa watu.

Mchungaji amenipa nafasi baada ya matangazo. Nitasimama pale ulipokuwa ukisimama wewe, nitataja ugonjwa wako kwa jina lake lote, na mahali ulipokaa mwilini. Nitasema hospitali, nitasema miezi, nitasema mbao. Nitasema kwamba dada yako alikuwa anakulisha wakati hakuna chakula kingine kilichokaa tumboni. Najua wapo wanaume watakaoinama kwa aibu. Labda mmojawapo atatoka pale aende akapime, na hilo pia nitawaambia. Najua wewe usingetaka. Uliomba jambo moja tu katika maisha yako, nami sikuweza kulitunza. Nilikuheshimu ukiwa hai kwa kunyamaza. Naahidi sitanyamaza tena kwa ajili yako, wala kwa ajili yangu. Siku yangu ikifika na mimi nikaitwa kwenye kile chumba mlango ukafungwa, nitakapotoka nitawaambia watoto wangu siku hiyohiyo. Na shangazi sitamwacha. Mvua ije, isije, mpaka atakapotaka mwenyewe nitakuwa kwenye nyumba hii.

Sijui watapokeaje. Huenda watasema hata saratani hutumwa. Huenda watu wa mafuta ya taa nao watakuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamevaa mashati meupe, wanasikiliza vizuri kama ulivyowafundisha.

Pumzika, Baba. Ulitufanya familia na sasa tunajaribu kubaki familia. Shangazi ameshapiga pasi kitambaa chake cha kichwa, Mama amepaka viatu vyake rangi. Kesho kengele ya pili ikilia tutatoka hapa watatu, shangazi katikati. Tutapita barabara ya mbele.

Mwanao,
Atupele